Fimbo ya Mbali na Nyumba ya Matai

Matai haimo katika njia za watalii, na msomaji wa visiwani asione haya kuuliza iko wapi. Ni mji mdogo juu ya uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, katika barabara itokayo Sumbawanga na kuteremkia bandari ya Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mpaka wa Zambia hauko mbali nao, wala si mbali maporomoko ya Kalambo, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 200 pasipo kupumzika. Tangu wilaya ya Kalambo ilipomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012, Matai ndiyo makao makuu yake. Na makao makuu, popote yawekwapo, huvuta watu: walimu, wauguzi, mahakimu, maafisa kilimo, makarani wa halmashauri. Hao hufika na begi moja na barua ya kupangiwa kazi, na swali lao la kwanza huwa lilelile: chumba kipo?

Swali hilo dogo, la mtu aliyechoka na safari, ndilo ambalo sasa limegeuzwa kuwa biashara ya dunia. Ipo elimu inayouzwa siku hizi, tena kwa bei, ya kumfundisha mtu wa London, Dubai au Toronto namna ya kuwa mwenye nyumba katika mji asioujua. Hatua zake ni nyepesi kukariri. Chagua mji unaokua. Nunua pale ambapo bei ingali chini. Tafuta wakala, mpe asilimia yake. Fungua akaunti. Kisha lala, maana fedha yako haitalala. Kwa mizani ya elimu hiyo Matai imetimia: lami ipo, ofisi za wilaya zipo, mpaka wa Kasesya upo, bandari ipo, na bei ya kiwanja haifanani na ya Dar es Salaam. Hakuna kilichosahauliwa ila mtu atakayelala ndani ya hiyo nyumba.

Elimu hii ni batili, na ubatili wake wafaa uonyeshwe kabla haijaota mizizi.

Na itangulie sheria. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 20, imekwisha kusema kwamba asiye raia hagawiwi ardhi ya Tanzania Bara isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa chini ya sheria ya uwekezaji. Kampuni ambayo hisa zake nyingi zimo mikononi mwa wageni nayo huhesabiwa kuwa mgeni, hata ikiwa na jina la Kiswahili na bendera mlangoni. Hata huyo aliyeidhinishwa hapati hati kama ya raia. Hupewa haki inayotokana na hati iliyoshikwa na mamlaka ya uwekezaji, na muda ukimalizika ardhi hurejea huko ilikotoka. Mlango huo ulichongwa kwa ajili ya viwanda, hoteli na mashamba makubwa. Haukuchongwa kwa ajili ya vyumba vinne vya matofali ya kuchoma nyuma ya soko la Matai. Ardhi ya kijiji nayo ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka huohuo, wala mgeni haipati kwa kumwona mwenyekiti pembeni na kumwachia cha sabuni. Na mwaka 2025 serikali ilitoa amri iliyowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, udalali wa nyumba na viwanja ukiwamo. Basi mgeni hawezi kununua, wala mgeni mwenziwe hawezi kumdalalia.

Hapo ndipo elimu hiyo inapoanza kunong'ona. Husema: ikiwa mlango wa mbele umefungwa, azima jina. Mtafute raia, awe shemeji, rafiki au dereva aliyekupokea uwanja wa ndege, nyumba iandikwe kwake, nanyi muwekeane karatasi ya siri. Wengi wamefanya hivyo katika miji mikubwa ya Bara, na wengi wamelia. Karatasi ya siri ina ila moja isiyo na dawa: anayeitoa mahakamani kuidai haki yake, huitoa pia kuwa ushahidi wa kuikwepa sheria. Raia yule akifa, watoto wake watairithi nyumba wakijua ni ya baba yao. Nao hawasemi uwongo. Hati ndiyo isemayo hivyo. Mgeni atasema amedhulumiwa, na watu watamhurumia, ila dhuluma ya kwanza aliifanya mwenyewe siku alipomgeuza mtu mzima kuwa msumari wa kutundikia kanzu yake.

Wapo watakaosema kwamba mambo yanalegea, na ni kweli kwa kiasi. Mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2025 yameleta hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, nayo yamewafungulia njia ya ardhi waliyokuwa wamezibiwa. Jambo hilo ni la haki. Mtu aliyezaliwa Kasanga hawi mgeni wa Kasanga kwa sababu ya rangi ya pasipoti. Lakini hapo ndipo pa kulitazama vizuri neno lenyewe, mgeni, kwani Kiswahili kimeliachia libebe mengi: aliyekuja kutembea, asiyejulikana, na asiye raia. Matai inalijua tatizo la neno hilo kuliko Unguja. Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili za mpaka. Mtu wa Mbala, upande wa Zambia, ambaye bibi yake amezikwa karibu na Matai, ni mgeni mbele ya sheria. Na mtu wa Mwanza asiyejua hata salamu ya pale ni mwenyeji. Mpaka huo uliandikwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, mapatano yaleyale yaliyoitia Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Karatasi moja, kalamu moja, na waandishi ambao hawakuwahi kulala Matai wala Malindi. Yaani hata mipaka inayoamua leo nani ni mgeni ilichorwa na watu wa mbali.

Kwa hiyo anayeshitakiwa hapa siye mgeni kwa kuwa ni mgeni. Mshitakiwa ni umbali.

Visiwani, hoja hii haina haja ya kupelekwa mbali. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, mjini Unguja, waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba za udongo na makuti zilikuwa zao, wamezijenga kwa mikono yao, lakini ardhi iliyo chini yake ilidaiwa na wenye mali, na katika miaka ile kodi ilipandishwa hata haikubebeka. Kati ya aliyelipa na aliyelipwa palikuwa na hori moja na daraja moja, lile lililoachia Darajani jina lake. Hapakuwa na bahari wala bara baina yao. Umbali ule mfupi ulitosha. Mwenye kiwanja hakuwa akiyasikia maji ya mvua yakiingia chumbani mwa mwingine, na asiyesikia huweza kupandisha kodi kwa amani ya moyo.

Bara nako palikuwa na wakati ambapo jambo hili lilitazamwa kama suala la maadili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Aprili 1971 serikali ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, ikayakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Miaka ishirini baadaye, Februari 1991, chama tawala kilikutana Zanzibar na kulegeza masharti yale, na kiongozi akaruhusiwa tena kupangisha. Wapenda historia wanalijua tukio hilo kwa jina la Azimio la Zanzibar, na visiwani halitajwi sana, labda kwa kuwa jina lenyewe linaona haya.

Lakini haki itendeke: utaifishaji haukuuponya umbali. Serikali ilipokuwa mwenye nyumba, ilikuwa mwenye nyumba wa mbali kuliko wote. Anayetaka ushahidi na atembee Mji Mkongwe, atazame majumba yaliyochukuliwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kugawiwa wapangaji, mabomba yakapasuka, mapaa yakavuja, na faili la matengenezo likasafiri kutoka meza hadi meza. Ukuta hauulizi umilikiwe na nani. Unauliza nani atauona ufa ungali mwembamba. Wahenga walikwisha kulisema hilo kwa maneno machache: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Leo Zanzibar imechagua njia yake. Kwa sheria ya umiliki wa nyumba za ghorofa ya mwaka 2010, na sheria mpya ya uwekezaji ya mwaka 2023, asiye raia anaweza kununua nyumba katika mradi ulioidhinishwa, na akinunua kwa dola 100,000 au zaidi anaweza kuombewa kibali cha ukaazi. Fumba, kulikokuwa na mikorosho na wavuvi, kumeota ghorofa za kuuzwa kwa watu ambao wengine huzinunua bila ya kuziona. Hiyo ni halali, na serikali ina sababu zake. Lakini uhalali hauondoi swali. Nyumba ikinunuliwa na asiyeishi humo, ikapangishwa kwa usiku mmoja mmoja kwa mgeni mwengine, na dalali akawa wa tatu, ni nani katika hao watatu atakayemjua jirani akifiwa? Na kijana wa Fumba atakapotaka chumba cha kuolea, apimwe kwa mshahara wake au kwa mshahara wa mtalii?

Turufu ya watetezi wa elimu hiyo ni moja, nayo ni nzito. Kuipuuza ni uvivu. Husema: Matai haina nyumba za kutosha. Muuguzi hulala chumba kisicho na dari, choo ni cha shimo na cha watu wanane, na uwanda ule wa juu huwa na baridi kali Juni na Julai. Benki hazimkopeshi mwenyeji mdogo ila kwa masharti ya kunyonga. Basi fedha ikitoka nje ikajenga nyumba njema, kuna ubaya gani? Bati ni bati, awe amelinunua Mfipa au Mskoti. Tena, huongeza, wenye nyumba wenyeji si malaika: hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na wengine hukata maji mpangaji akichelewa siku tatu.

Yote hayo ni kweli. Lakini kwanza, elimu inayouzwa haisemi "jenga". Husema "nunua pale bei iko chini". Nyumba moja ikipita kutoka mkono wa mwenyeji kwenda mkono wa mgeni haijaongeza chumba hata kimoja Matai. Imeongeza bei tu. Pili, chukulia nyumba ya vyumba vinne, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi, na kodi ya miezi sita ikalipwa mbele kama ilivyo ada. Hiyo ni shilingi 960,000. Ikishikwa na mwenyeji, sehemu yake itanunua mbolea, itamlipa fundi, italipa ada ya mtoto, itarudi sokoni kwa mama auzaye maharage. Ikishikwa na mtu wa mbali, huondoka Matai siku hiyohiyo kwa simu, kabla hata risiti haijakauka. Mshahara wa mwalimu ulitoka Hazina Dodoma ukafika Kalambo kwa tabu, na Kalambo haukulala hata usiku mmoja.

Tatu ni suala la neno kodi, ambalo kila afanyaye tafsiri amewahi kulikwaa. Kiswahili hulitumia kwa fedha apewayo mwenye nyumba na fedha ipewayo serikali, na mtu hudhani ni upungufu wa msamiati. La hasha. Mpangaji wa Bara anajua kwamba mambo hayo mawili yamekutana mfukoni mwake. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika umeme wa LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 tangu 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini umeme hununuliwa na anayewasha taa. Serikali ilisema mpangaji atarudishiwa na mwenye nyumba. Vyema. Mwenye nyumba akiwa mtaa wa pili, mpangaji atamkumbusha hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Akiwa Toronto, shilingi 1,500 atamdai kwa lugha gani, na kwa saa ya nchi ipi?

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mwenyeji mbaya na mgeni mwema. Mwenyeji mbaya ana jirani. Atakutana na mpangaji wake kanisani, msikitini, kilabuni, kliniki na msibani. Aibu humfuata nyumbani. Sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, wala Bara haina tena sheria maalumu ya kupima kiwango cha kodi. Mpangaji akidhulumiwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba. Mwenye nyumba aliye mtaani ataitwa, atakuja, atanuna, atajibu. Mwenye nyumba aliye ng'ambo ataitwa vipi, na hati inasomeka jina la shemeji ambaye atasema hahusiki? Mgeni mwema, mwenye huruma tele, hana njia ya kuitumia huruma yake, kwa sababu habari zote zinamfikia kupitia mdomo wa wakala, na wakala hulipwa asilimia ya kodi inayokusanywa. Halipwi asilimia ya bati linalopigiliwa.

Basi mgeni mwenye nia safi aanzie wapi? Aanze kwa miguu. Aje Matai apange chumba kabla ya kufikiri kupangisha. Akae masika moja, Novemba hadi Aprili, aone upepo wa uwanda unavyolishika paa, aone maji yanapita wapi, ajue nani huitwa usiku bomba likipasuka na nani huja kweli. Ikiwa bado ana fedha na moyo, amkopeshe mwenyeji ajenge kwa jina la mwenyeji, kwa mkataba ulioandikwa mbele ya wakili, unaoonekana na usioazima jina la mtu. Atapata faida ndogo kuliko aliyoahidiwa na wauza elimu. Atapata pia usingizi, na wa kwao hawajawahi kuupata. Na halmashauri za Bara, kama mamlaka za visiwani, nazo zina wajibu. Kila nyumba ya kupangisha na iandikwe jina la mtu mmoja anayeishi wilayani, anayewajibika kwa paa, choo na maji, na jina hilo mpangaji alijue siku anapopewa ufunguo. Asiyeweza kumweka mtu huyo na asipangishe, awe wa Oslo, wa Muscat, wa Masaki au wa Kiembesamaki.

Ufipa ina simulizi yake juu ya jambo hili, ambayo mwanaanthropolojia Roy Willis aliikuta uwandani miaka ya 1960. Mfalme wa Milansi, Ntatakwa, alikwenda kuwinda, akiwa amekwisha kuonya kwamba wageni watakuja kuitaka nchi. Wakaja wanawake kutoka mbali. Mke wa mfalme, kwa hofu, akawapa kiti cha enzi wakakikalia. Mfalme aliporejea, nchi ilikuwa imekwenda, na Milansi ikabakiwa na kipande kidogo cha ardhi na heshima ya ukale. Wengi huisoma simulizi hiyo kama onyo dhidi ya wageni. Lakini tazama vyema: wanawake wale walikuja, tena kwa miguu, na waliipata nchi kwa kukaa. Aliyepoteza ni yule aliyekuwa mbali.

Mwenye nyumba wa siku hizi anataka kuvipata vyote viwili, uwindaji wa Ntatakwa na kiti cha wanawake wale. Anataka kutawala bila ya kukaa. Uswahili haukuwahi kumfungia mgeni mlango, nao ulimwekea masharti mepesi: siku mbili ale, ya tatu apewe jembe. Mgeni asiyefika hawezi kupewa jembe. Na asiyeshika jembe Matai, Novemba mvua zinapoanza, asije Aprili akauliza mavuno yamefikia wapi.